Rafu ya Mlangoni kwa Mama Stesheneri

Kama uliwahi kukaa Bariadi mjini miaka ile kampuni binafsi za pamba zilipokuwa zinamiminika, ukahitaji fomu ya kuuziana kiwanja, mkataba wa kupanga chumba, barua ya kuomba likizo au hata barua ya kuomba radhi kwa mwajiri wako, basi ulikwenda kwake. Hukuhitaji kujua jina. Mtu yeyote wa stendi angekuelekeza: nenda kwa Mama Stesheneri, pale penye rafu ya kijani. Nami sitamtaja jina hapa, kwanza kwa sababu hakuna aliyelitumia, na pili kwa sababu nimemsikia akisifiwa vya kutosha maishani mwangu.

Niseme mapema, msomaji asije akanishangaa huko mbele. Nilimwonea wivu yule mama. Nilimwonea wivu kwa miaka mingi, tena kwa bidii kubwa kuliko nilivyowahi kufanya kazi yoyote ya mshahara. Mimi nilikuwa na stashahada ya kompyuta kutoka chuo cha Mwanza, nimeiweka kwenye fremu ya kioo na kuitundika ukutani. Yeye alikuwa mpiga chapa. Duka langu na lake yalitazamana, barabara ya vumbi katikati, na kila asubuhi nilifungua mlango wangu nikaona wateja wake.

Rafu yenyewe ilikuwa ya mbao, imepakwa rangi ya kijani iliyobaki kwenye milango ya msikiti, nayo ilikaa mlangoni kabisa, kabla hujaifikia kaunta. Humo alipanga fomu zote ambazo maneno yake hayabadiliki. Mteja alijichukulia mwenyewe, akaacha hela kwenye bakuli, akaondoka. Ndani zaidi ndiko kulikuwa na meza ya kuchapia, na hapo palifika wale tu wenye jambo jipya la kuandikwa. "Kisichobadilika kikae mlangoni," alisema kwa ile sauti yake ya Kitabora, taratibu, kila neno likiwa limekamilika. "Kinachobadilika ndicho kije kwangu." Aliposimama kwenda kuswali adhuhuri alifunga mlango wa ndani tu. Rafu iliendelea kuhudumia watu bila yeye, na mimi nikiwa ng'ambo, macho wazi, mlango wazi, sikuwa na mteja.

Kila fomu ilikuwa na nambari ndogo pembeni, chini kulia. Hilo lilikuwa toleo. Akisahihisha hata nukta moja, nambari ilipanda, na lile bunda la zamani liliondolewa rafuni siku hiyo hiyo likaenda kwa muuza karanga. Kuna jioni nilinunua karanga zikiwa zimefungwa ndani ya mkataba wa kupanga chumba, toleo la nne. Niliusoma wote nikitafuta kosa. Sikuliona, na karanga zikanikwama kooni.

Barua ya kuomba radhi ndiyo iliyotoka sana kuliko zote. Ilianza hivi: Kwa, nukta nyingi. Mimi, nukta nyingi, naomba radhi kwa kosa la, mstari mmoja wa nukta, nililolitenda tarehe, nukta chache. Walimu waliichukua, madereva waliichukua, na kuna bwana harusi mmoja aliyechelewa kanisani alijichukulia tatu kwa mpigo. Nikamwambia siku moja kwamba ni aibu kuwauzia watu toba iliyochapwa tayari. Hakukasirika. "Mtaalamu," alinijibu, maana ndivyo alivyoniita tangu alipoiona ile fremu yangu ukutani, "makosa ya watu yanajulikana. Kazi iliyobaki ni mtu kutaja la kwake."

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Duka lilipangwa kiasi kwamba ungepata kipande cha kaboni gizani, lakini mkoba wake ulikuwa shimo: funguo, dawa ya mafua, biskuti zilizovunjika, tasbihi, soketi ya umeme. Modemu ya duka iliwahi kupotea siku mbili, ikaja kuonekana humo ndani ya soksi. Kibodi yake hakumruhusu mtu kuigusa, ila ukimuuliza jambo alikueleza mpaka ukaomba ruhusa ya kuondoka. Kiingereza alisema hakijui. "Sikijui, nakisoma tu," alisema, na kweli ungemkuta saa za mchana, hakuna wateja, ana kitabu kinene cha mafundisho ya kompyuta mezani, kamusi pajani, penseli sikioni, anasonga mbele aya moja kwa siku. Mimi niliyekijua Kiingereza nilikuwa na kitabu kile kile. Nilikuwa nimekisoma mpaka ukurasa wa arobaini.

Na halafu zile khanga. Alikuwa na moja ya zambarau iliyoandikwa HASIDI HANA SABABU, na aliivaa mara nyingi Jumatatu. Siku hizo nilishinda dukani kwangu nimekaa nimeipa barabara mgongo. Miaka mingi baadaye ndipo nilipogundua kwamba khanga zile alizifua kwa zamu, na ya zambarau ilikuwa ya Jumatatu kwa sababu ya foleni ya kamba ya kuanikia, wala haikunihusu.

Lililoniuma zaidi lilikuwa mama yangu. Mama anaishi Sapiwi, analima pamba, na hajui kusoma. Alipokuja mjini alipita kwanza kwa yule jirani. "Mwangaluka, mayu," ningemsikia akisalimia kutoka ng'ambo, yaani habari za asubuhi, mama, naye Mtabora yule akimjibu kwa Kisukuma cha kukwangua, wakacheka wote wawili. Kama kuna barua imetoka kwa kaka yangu wa Geita, ilisomwa kule. Nikamuuliza mama kwa nini asiniletee mimi, mwanawe, mwenye cheti.

"Yule mayu ananisomea kile kilichoandikwa," mama alisema. "Wewe unanisomea kile unachotaka nisikie."

Alikuwa amenikamata mwaka uliopita, kaka alipoandika kwamba anaumwa, nami nikamsomea kwamba anasalimia sana.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Zamani pamba yote ilinunuliwa na chama cha ushirika, na gari la ushirika lilifika lilipofika, watu walizoea. Kampuni binafsi ziliporuhusiwa kila moja ilikuja na magari yake na zamu zake. Mkulima angefunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akasafirisha pamba mpaka kituo cha kununulia, akakuta gari lilipita jana. Kampuni moja kati ya hizo ikaamua kutengeneza ukurasa wa intaneti wa zamu za magari. Kila kituo, Sapiwi, Kiloleli, Lamadi na kwingine, kingewekewa kompyuta ya umeme wa jua na modemu. Karani angefungua ukurasa, achague kituo chake, aone siku ya gari, aiandike kwenye ubao wa chaki nje. Kazi hiyo nilipewa mimi. Niliinunulia shati jipya.

Niliijenga kwa kiunzi, yaani programu ambayo wenzako wameshaisuka nusu na wewe unamalizia nusu iliyobaki. Kwenye kompyuta yangu ilikwenda vizuri sana. Siku ya kuionyesha, nikaihamishia kwenye seva, kompyuta kuu ya kampuni, mbele ya meneja na wakubwa wake wawili, nikafungua. Maandishi yakatokea. Vitufe vikatokea. Nikabonyeza Sapiwi, kimya. Nikabonyeza Kiloleli, kimya. Nikasema mtandao unasumbua. Kisha nikasema umeme ni mdogo. Kisha nikasema, kwa Kiingereza ili ionekane ni jambo zito, kwamba kompyuta ya meneja ina matatizo.

Mama Stesheneri alikuwa ameingia kuleta fotokopi za mikataba. Alisimama na bunda lake kwapani, akatazama kidogo.

"Mtaalamu, zile skripti umeziweka wapi?"

Skripti ni faili dogo la maelekezo linaloshushwa kwenye kompyuta ya mtazamaji, nalo ndilo linalofanya vitufe vifanye kazi. Nikamjibu kwa ukali kwamba ziko ndani ya programu, zitakuwa wapi kwingine.

"Ndani wapi? Umezifungia jikoni," alisema. "Ukiwa nyumbani unajaribu, kiunzi kinakuhurumia, kinapika na kinagawa. Ukishafungua kazi ya kweli kinapika tu. Hizi hazipikwi, ni zile zile kwa kila mtu. Zipe rafu mlangoni, na umwambie seva wa mbele akitakiwa azichukue hapo, asimsumbue mpishi."

Meneja akamwomba aonyeshe. Aliweka bunda chini, akavuta kiti changu, mimi nikiwa nimesimama, akaunda folda akaipa jina "rafu", akahamishia skripti zangu humo, akaandika mistari miwili kwenye mipangilio ya seva. Akabonyeza Sapiwi. Alhamisi, ukurasa ukajibu. Wale wakubwa wakapiga makofi. Baadaye alikuja dukani kwangu akaniambia kwamba tatizo hilo hilo lilimsumbua wiki tatu nzima, aliwahi hata kulia, nisijisikie vibaya. Naamini alisema kwa nia njema. Nilimchukia zaidi kwa zile wiki tatu, kwa sababu maana yake alikuwa amezitumia.

Kuanzia hapo kampuni ikatuweka wawili. Mimi nilitunza programu, yeye alitunza rafu. Na aliitunza alivyoitunza ile ya kijani. Aliona kwamba zamu za magari hazibadiliki mara kwa mara, labda mara moja kwa misimu miwili, kwa hiyo jedwali lote la zamu aliliweka ndani ya skripti. Mtandao ukiwa dhaifu, na Sapiwi ulikuwa dhaifu siku zote, kompyuta ya karani ilikwisha kuihifadhi nakala yake na haikuhitaji kuishusha tena. Programu yangu ikianguka, na ilianguka, zamu ziliendelea kuonekana. Makarani hawakujua hata kama mimi nimeanguka. Meneja akanitania kwamba ningeweza kwenda likizo mwaka mzima bila mtu kugundua. Nilicheka naye, nikarudi nyumbani sikula.

Dosari ya mpango ule ilikuwa moja. Kompyuta ikishahifadhi nakala ya skripti, hairudi kuuliza kama kuna mpya maadamu jina la faili ni lile lile. Dawa yake alikuwa nayo tangu enzi za karatasi: nambari pembeni. Faili liliitwa zamu-1. Zamu zikibadilika, liwe zamu-2, ukurasa uelekezwe huko, na kila kompyuta ingelazimika kushusha jipya. Hiyo ndiyo kanuni yote. Muuza karanga angeielewa.

Mwishoni mwa msimu wa pili, Mama Stesheneri akapata msiba Tabora, dada yake. Kabla ya kupanda basi alivuka barabara akanipa karatasi moja iliyochapwa vizuri, herufi kubwa. UKIBADILISHA ZAMU, BADILISHA NA NAMBARI YA PEMBENI. Chini ameandika kwa mkono: ahsante sana mwanangu. Nilimpa pole. Nilimaanisha, nataka ijulikane hivyo.

Siku mbili baadaye meneja akanipigia simu. Gari la Sapiwi linahamia Jumanne badala ya Alhamisi, nibadilishe leo. Nikalifungua faili. Karatasi yake ilikuwa mezani mbele yangu. Niliisoma tena, yote, hata ile ahsante. Nikafikiria meneja akipita na kuona zamu-2, nambari ya pembeni ya yule mama, kwa mkono wangu. Nikajiambia kwamba mimi nina stashahada na sitaendesha kompyuta kwa kanuni za fomu za likizo. Nikafuta Alhamisi, nikaandika Jumanne, nikahifadhi kwa jina lile lile. Kwenye kompyuta yangu, ambayo niliifuta kumbukumbu kwanza, ilionekana Jumanne. Karatasi nikaisukuma ndani ya droo.

Jumanne gari lilifika Sapiwi likakuta kituo kitupu. Dereva akasubiri, akaondoka, akaripoti kwamba Sapiwi wameishiwa pamba. Alhamisi, karani akafungua kompyuta, akaona nakala yake ya zamani, akaandika ubaoni kama kawaida: GARI LEO. Watu wakaja na mikokoteni. Walilaza pamba yao chini, kwenye maturubai, kwa sababu ng'ombe walihitajika nyumbani. Ijumaa mchana mvua za vuli zikaanza mapema, zikanyesha mpaka Jumapili. Pamba iliyolowa hainunuliwi, inabadilika rangi na kuoza katikati. Mama yangu alikuwa na marobota sita pale. Aliyalalia juu, yeye mwenyewe, mwili wake, akidhani utasaidia.

Jumatatu meneja akatuita. Mama Stesheneri alikuwa ameshuka basi asubuhi ile, bado na khanga nyeusi ya msiba. Mama yangu naye alikuwepo, aliletwa na wenzake wa Sapiwi kuwasemea, amekaa kwenye benchi la ukutani na kikohozi. Feni ilikuwa inazunguka juu yetu na kulia kila ikifika upande mmoja.

"Faili hili la zamu," meneja akasema, "ndani lina Jumanne kama nilivyoagiza, Sapiwi wakaona Alhamisi. Ni la nani?"

Sikusema uongo, na hilo nimejitetea nalo miaka mingi. Nilisema, "La Mama Stesheneri. Rafu ni yake."

Alinigeukia. Hakuwa na hasira usoni, alinitazama kama anavyomtazama mteja aliyesimama mbele ya kaunta bila kusema anachotaka. Alisubiri. Nadhani alisubiri muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyowahi kunisubiri. Nikatazama feni.

"Ni langu," akasema mwishowe. "Niliandika mimi."

Mama yangu akakohoa, akasema kutoka kwenye benchi, kwa sauti ya kuchoka, "Lakini yule mayu hakosei namna hiyo, baba. Ulizeni vizuri."

Hakuna aliyeuliza vizuri. Mama Stesheneri aliondolewa kwenye kazi ile, na mimi nikaachiwa yote, programu na rafu. Wiki iliyofuata nilifungua folda yake ili niibadilishe jina. Sikuibadilisha. Na tangu siku ile, kwa miaka yote niliyofanya kazi ile, sikuwahi kugusa faili hata moja bila kupandisha nambari ya pembeni. Niliwafundisha vijana wawili wa kampuni kanuni ile, nikawaambia niliisoma chuoni. Waliniheshimu sana kwa ajili yake.

Ungedhani wivu ungeisha, maana nilikuwa nimeshinda. Haukuisha. Wateja waliendelea kumiminika kule ng'ambo, mama yangu aliendelea kupeleka barua zake kule, na kila Jumatatu khanga ya zambarau ilikuwa mlangoni. Hakunisengenya. Hilo nililitafuta, nilituma watu wanichunguzie. Aliponiona alisema, "Za asubuhi, Mtaalamu," kama zamani. Baadaye binti yake akaolewa Lamadi, naye akafunga duka akamfuata. Siku anapakia, rafu ya kijani ilikuwa ya mwisho kupanda kwenye gari. Nilisimama dirishani nikiwa na nafuu iliyodumu mpaka gari lilipokata kona, kisha nikauona ule mlango wake umefungwa na nikajikuta sina pa kutazama.

Miaka ikaenda. Kampuni ile nayo ilifunga ofisi kama ilivyofungua, soko huria huja na magari na huondoka nayo. Bariadi ikawa makao makuu ya mkoa mpya, vijana wenye shahada wakajaa, na stashahada yangu ikageuka kitu cha kuchekesha. Nikaitwa kwenye usaili wa kazi Mwanza. Basi liliharibika Lamadi, tukaambiwa saa mbili. Nikaona nitumie muda ule kutoa nakala za vyeti. Nikapita wanawake wanaoanika dagaa, nikauliza stesheneri, nikaelekezwa. Kabla sijasoma kibao niliiona rafu. Ilikuwa imepakwa rangi upya, kijani kile kile. Fomu nyingine zilikuwa mpya, za kukodi mtumbwi, za kusafirisha samaki, zote zimepangwa zimenyooka. Ni aibu kusema, lakini kitu cha kwanza kilichonipata kilikuwa wivu.

Alikuwa ameketi kwenye kaunta, miwani minene, mikono inatetemeka kidogo. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akapokea bahasha yangu, akatoa stashahada, akaisogeza karibu na macho.

"Mtaalamu," akasema. "Bado unatembea nayo."

Aliiweka kwenye mashine. Mwanga ukapita chini ya kioo. Nilikuwa nimejiandalia maneno kwa miaka, marefu, yenye mwanzo na kisa, na sasa sikuliona hata moja. Nikasema, "Mama, lile jambo la Sapiwi."

"Lipi?"

"La nambari."

Hakugeuka. "Niliporudi kutoka Tabora nilifungua faili kabla sijafika kwa meneja," alisema. "Ndani Jumanne, pembeni moja. Nikajua mkono si wangu." Alipanga nakala, akazigonga kaunta zinyooke. "Nilikupa nafasi ulitaje. Ukatazama feni."

"Nataka kuomba radhi."

Akanyoosha kidole mlangoni. "Zipo pale. Jichukulie."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikaenda, nikachukua moja, pembeni imeandikwa toleo la kumi na mbili, nikarudi na kalamu. Kwa, nikaandika jina lake, ambalo mkono wangu haukuwahi kuliandika. Mimi, nikaandika langu. Naomba radhi kwa kosa la, nikaandika: kusahau kubadilisha nambari ya faili. Nikampa. Aliisoma akiwa ameishika mbali na miwani.

"Karatasi niliyokuachia hukuisoma?"

"Niliisoma."

"Lini?"

"Siku ile ile. Ilikuwa mbele yangu."

Akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye kikapu cha karatasi za muuza karanga. Kisha akanyoosha tena kidole kwenye rafu. "Chukua nyingine. Kisichobadilika nimeshakuandikia. Hicho kimoja utaandika wewe."

Nilisimama na fomu ya pili muda mrefu kuliko ya kwanza. Mstari wa kosa ni mmoja tu, hautoshi maelezo, na sasa nadhani aliufanya mfupi makusudi. Niliandika: wivu, nikanyamaza ukasingiziwa. Tarehe sikuikumbuka, nikaiacha wazi. Alipoipokea alichukua kalamu akajaza tarehe mwenyewe bila kuuliza mtu, siku, mwezi na mwaka, kwa ule mkono unaotetemeka.

"Mayu wa Sapiwi mzima?" akauliza.

"Mzima. Kifua tu, tangu wakati ule."

"Anajua?"

"Hajui."

Akainuka, akaiweka fomu yangu kwenye mashine, akashusha kifuniko, mwanga ukapita tena. Fomu yenyewe akaiweka droo ya chini. Nakala akaniingizia kwenye bahasha, pamoja na nakala za stashahada.

"Hii niliyobaki nayo ni yangu," akasema. "Hiyo ni ya Mayu."

Basi la Mwanza lilipiga honi. Nikavuka barabara, nikasimama upande wa magari yanayorudi Bariadi. Mama yangu hajui kusoma, na yule aliyekuwa akimsomea yuko Lamadi. Itabidi nimsomee mimi, na safari hii nimsomee kile kilichoandikwa.